Nimetembea kwa imani miaka yote hii, leo daktari anasema nikae

Dada Mshauri, Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 51, nimeolewa na nina watoto wawili ambao sasa wanajitegemea. Naishi Nyanda za Juu Kusini, huku ambako Juni na Julai baridi haina mchezo. Naomba jina langu usilitoe. Huku tunajuana, na mimi ninajulikana kuliko wengi kwa sababu ya miguu yangu.

Nilipata polio nikiwa na miaka mitatu. Mama husimulia kwamba nilikuwa na homa siku chache, asubuhi moja akanisimamisha kitandani, miguu ikakataa. Majirani wakasema yao, wengine kwamba nimerogwa, wengine wakauliza baba alifanya dhambi gani. Baba alikuwa mwinjilisti wa mtaa. Hakumjibu mtu. Alinifunga kwa kitenge mgongoni, akapanda baiskeli, akanipeleka hospitali ya misheni. Baadaye nikapewa chuma cha mguu wa kushoto, kile cha mikanda ya ngozi na kiatu kizito, pamoja na magongo mawili. Baba akaniambia, "Mwanangu, wewe utatembea." Aliniandikia Isaya 40:31 kwenye jalada la daftari: "Watapiga mbio, wala hawatachoka, watakwenda kwa miguu, wala hawatazimia."

Nikatembea. Shule ya msingi, sekondari, chuo cha ualimu, kazini. Mvua ya masika ikinyesha, njia ya kwenda shuleni kwetu inakuwa utelezi mtupu, lakini sikuwahi kuomba ruhusa kwa ajili ya miguu. Wenzangu wakisema nipewe darasa la karibu na ofisi, nilikataa. Nilipoolewa, ndugu wa mume waliuliza atanipikia nani. Nikawapikia wao.

Ndiyo maana kanisani nimekuwa ushuhuda unaotembea. Kila mkutano wa umoja wa wanawake naitwa mbele. Napanda ngazi za madhabahu na magongo yangu, watu wanaanza vigelegele kabla sijasema neno, nasoma Isaya, nasema Mungu wetu hashindwi. Nimeona akina mama wakilia. Nimeona wazazi wakiniletea watoto wao wenye ulemavu niwawekee mikono. Sikuwa naigiza, dada. Nilikuwa naamini kila neno, na bado naamini.

Sasa mambo yamebadilika. Kwa miaka kama minne hivi nguvu zinaniishia. Kwanza nilidhani ni umri. Nikifundisha vipindi viwili mfululizo, mguu wa kulia, ambao siku zote tumeuita mguu mzima, unatetemeka. Mabega yanawaka usiku, siwezi kulalia upande wowote. Asubuhi za baridi mguu wa kushoto unakuwa wa zambarau na mzito, mume wangu anausugua mpaka upate joto ndipo nivae chuma. Mwaka huu nimeanguka mara kadhaa, moja ikiwa mbele ya darasa la saba. Watoto hawakucheka. Afadhali wangecheka.

Nilikwenda hospitali ya rufaa. Daktari alinipima, akaniuliza historia yangu yote, akasema haya ni matokeo ya ile polio ya utotoni, kwamba misuli iliyobaki imechoka. Akasema nipunguze kutembea na nitafute kiti mwendo. Nilicheka kwa hasira nikamwambia, "Daktari, mimi nimetembea miaka yote hiyo, leo ndiyo nikalie kiti?" Akanijibu kwa upole, "Mama, ni kwa sababu umetembea."

Neno hilo limenikaa kooni.

Mume wangu anataka tukitafute hicho kiti. Aliniambia, "Mimi nilioa mwalimu, sikuoa magongo." Mama yangu, ambaye ni mzee sana sasa, analia. Anasema baba alikufa akijua mtoto wake anatembea, na yeye hataki kufa akiniona nimekaa. Kikundi cha maombi wamefunga kwa ajili yangu, nawashukuru, ila mmoja wao alinivuta pembeni akaniuliza kama kuna jambo sijalitubu, maana nguvu za Mungu haziondoki bure. Na mchungaji wetu, mtu mwema kabisa, ameniomba niwe mnenaji mkuu kwenye mkutano wa Oktoba. Wageni watatoka dayosisi nzima. Yeye hajui chochote kuhusu daktari.

Kuna na jambo moja zaidi. Yupo binti darasa la tano shuleni kwetu, miguu yake haina nguvu, anatembea kwa kushika ukuta. Mama yake humwambia, "Utakuwa kama mwalimu." Nikikalia kiti, yule mtoto ataona nini?

Naomba unisaidie kufikiri. Nikiketi, je, sitakuwa nimesema mbele ya watu wote kwamba Mungu wa baba yangu ameshindwa?

Mwalimu wa Nyanda za Juu

MSHAURI ANAJIBU

Amina, mwalimu wangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kabla ya lolote pole kwa maumivu ya mabega na kwa usiku usio na usingizi. Watu wengi wanakupigia vigelegele. Sina hakika wangapi wamewahi kukuuliza kama unaumwa.

Nikikuelewa vizuri, una mizigo mitatu iliyofungwa pamoja. Upo mwili unaodai kupumzika. Upo ushuhuda uliojengwa juu ya kutembea kwako. Na wapo watu unaowapenda, mama, mchungaji, yule binti, ambao unaogopa kuwavunja moyo. Unaibeba yote mitatu kama mzigo mmoja, ndiyo maana swali la kiti limekuwa swali la Mungu. Naomba tuifungue, tuangalie mmoja mmoja, halafu wewe mwenyewe utaona upi ni wako kuubeba.

Nianze na mwili, kwa sababu hapo ndipo yule wa kikundi cha maombi aliyekuuliza kuhusu toba alipokosea, ingawa nadhani nia yake ilikuwa njema. Polio huua seli za fahamu zinazoamrisha misuli. Kwa mtoto aliyepona, seli zilizobaki huchipua matawi mapya na kuihudumia misuli iliyoachwa bila mwenyewe. Ni sawa na mama mwenye watoto wake watatu anayeachiwa na watoto wa marehemu dada yake: anawalea wote, hakuna anayelala njaa, na majirani wanamsifu. Lakini anafanya kazi ya watu wawili kila siku ya maisha yake. Baada ya miaka 15, 30, 40 au zaidi, seli hizo zilizobebeshwa kupita kiasi huanza kushindwa kuyatunza matawi yote. Nguvu hupungua, hata kwenye kiungo kilichodhaniwa kizima, uchovu huja, baridi huwa adui. Virusi havijarudi na huwezi kumwambukiza mtu. Hakuna dhambi hapo. Waliojikaza sana kufidia udhaifu wao mara nyingi ndio wanaoanza kuchoka, na nadhani hilo ndilo daktari wako alitaka kukuambia.

Hali hii haifahamiki sana kwetu, na sababu yake ni njema. Kirusi cha asili cha polio kilionekana Tanzania kwa mara ya mwisho mwaka 1996, hivyo watabibu wengi vijana hawajawahi kumhudumia mtu wa polio. Umepata daktari aliyesikiliza historia yako yote, mshike huyo. Muulize pia kama ameondoa sababu nyingine: upungufu wa damu, tezi ya shingo, kisukari, uti wa mgongo, na mabega yenyewe. Hakuna kipimo kimoja kinachothibitisha hali yako, inajulikana kwa kuondoa mengine yote kwanza. Ningependa ulisikie hilo kutoka kwake kabla hujafanya uamuzi mkubwa.

Sasa hicho kiti. Katika barua yako kuna njia mbili tu, kutembea kama zamani au kuketi moja kwa moja. Je, ni kweli ziko mbili tu? Watu wengi wenye hali yako huvitumia vyote. Magongo ndani ya nyumba na darasani, kiti kwa safari ya shuleni, sokoni na kanisani. Wengine huanza na mabadiliko madogo: chuma kipya chepesi badala ya kile cha zamani, kiti kirefu mbele ya ubao ili ufundishe umekaa, kupumzika kabla ya kuchoka badala ya baada ya kuchoka. Na lile darasa la karibu na ofisi ulilolikataa, bado lipo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa ulemavu wake, na mazingira ya kazi kurekebishwa ni haki yako. Mwalimu mkuu akikupangia darasa hilo hajakuhurumia, amefanya kazi yake.

Kila njia ina gharama zake na sitaki nikufiche. Ukiendelea kama sasa, kuanguka ndiko kunakonitia hofu. Mfupa wa mguu uliopooza tangu utotoni huwa mwembamba, na ukivunjika, wiki za kulala kitandani zinaweza kukupotezea nguvu ambazo hazitarudi. Mabega nayo ndiyo miguu yako ya pili. Yakiharibika kabisa, hutaweza magongo wala kusukuma kiti. Ukiketi kutwa nzima kwa upande mwingine, viungo hukakamaa, uzito huongezeka, na kiti kibaya huleta vidonda vya kukalia ambavyo ni hatari kweli. Kwa hiyo usikubali kiti chochote tu kinachotolewa kwenye sherehe na kupigiwa picha. Kiti hupimwa kwa mtu kama chuma kilivyopimwa kwa mguu wako: upana wa nyonga, urefu wa paja, mto wa kukalia. Kwa njia zenu za utelezi, viti virefu vyenye gurudumu moja mbele huhimili zaidi kuliko vile vidogo vya hospitalini. Ile baiskeli ya kuzungusha kwa mikono inapendeza machoni, lakini kwa mabega yanayowaka usiku, muulize mtaalamu kwanza. Hospitali za KCMC kule Moshi na CCBRT Dar es Salaam zina wataalamu wa vifaa hivi, na hospitali yako ya rufaa inaweza kukuandikia barua. Ni safari na ni gharama, najua. Pigeni hesabu na mumeo nyumbani.

Nije kwenye ushuhuda, maana nahisi hapo ndipo panapokuuma zaidi ya mabega.

Umesema watu watasikia kwamba Mungu ameshindwa. Niruhusu nikuulize: miaka yote ulipopanda zile ngazi, ulikuwa unashuhudia nini hasa? Kama ulishuhudia kwamba Mungu aliifanya miguu yako isichoke, basi kweli leo kuna shida. Lakini sikusoma hivyo katika barua yako. Nilisoma habari za mtoto aliyefungwa kitenge mgongoni mwa baba yake. Ushuhuda wako ulianza kwa kubebwa. Yule mwinjilisti hakungoja utembee ndipo akuhesabu kuwa mtoto wake, na alipokuambia utatembea, nadhani alikuwa akiwajibu wale waliosema huna maisha. Maisha umeyapata. Umesoma, umefundisha watoto wa watu, umelea wako. Je, hayo yanategemea umesimama au umekaa? Hilo ni lako kulijibu, mimi naliweka mbele yako tu.

Isaya 40:31 imekuwa mstari wako, basi soma na wa 30 unaoutangulia, ambao kwenye mikutano hatuusomi sana: "Hata vijana watazimia na kuchoka." Nabii alijua kuchoka kupo. Kisha nenda Kutoka 17, vita vya Waamaleki. Musa anainua mikono, Israeli wanashinda, anaishusha, wanashindwa. Mikono ikawa mizito. Hakuna aliyemwuliza ametenda dhambi gani. Walileta jiwe wakaliweka chini yake, naye akalikalia, Haruni na Huri wakamshika mikono huku na huku, na Israeli wakashinda vita jioni ile Musa akiwa ameketi. Na wale watu wanne wa Marko 2 waliombeba mwenzao aliyepooza na kutoboa dari: imeandikwa Yesu "alipoiona imani yao". Imani ya waliombeba. Ndugu wa kikundi chako wanaweza kupewa nafasi hiyo, wakikubali kuacha kupekua moyo wako. Yule aliyekuvuta pembeni unaweza kumsomea Yohana 9:3, pale Yesu anaposema kipofu yule hakutenda dhambi wala wazazi wake, kwa upendo, bila kugombana.

Najua wengine watasema nakuambia ukate tamaa ya uponyaji. Sisemi hivyo. Omba uponyaji, waache waombe. Paulo naye aliomba mwiba utoke, akaomba tena na tena, akajibiwa, "Neema yangu yakutosha." Hajaandika kwamba siku ile aliacha kuomba mengine. Ila angalia maombi yasifanywe sababu ya kuahirisha daktari. Mwanamke aliyetunga wimbo tunaouimba kwa Kiswahili kama "Usinipite Mwokozi", Fanny Crosby, alipofuka akiwa mtoto mchanga mwaka 1820 na alifariki mwaka 1915 bado haoni. Tunaimba maneno yake tukiomba kuponywa, na sijasikia mtu akisema imani yake ilikuwa ndogo.

Kuna habari nyingine niliyoikumbuka nikikusoma. Franklin Roosevelt, rais wa Marekani, alipooza miguu mwaka 1921, kwa ugonjwa ambao madaktari wake waliuita polio. Kwa miaka mingi alijitahidi wananchi wasimwone kwenye kiti chake. Alisimama kwenye majukwaa akiwa amefungwa vyuma, ameshika mkono wa mwanawe au meza ya kuhutubia. Tarehe 1 Machi 1945 alihutubia Bunge akiwa ameketi. Akaomba radhi kwa kukaa, akaeleza wazi kwamba ni nafuu kwake kutobeba vyuma vya karibu kilo tano miguuni. Mwezi uliofuata alifariki. Kila nikiisoma habari hiyo najiuliza kwa nini mtu aliyechoka vile alidhani anapaswa kuomba radhi. Na najiuliza vilevile kuhusu wewe.

Kuhusu Oktoba, naona njia kadhaa na hakuna iliyo nyepesi. Unaweza kusimama na kusema yaleyale ya kila mwaka. Watafurahi, lakini utashuka na siri nzito kuliko uliyopanda nayo, na ukianguka kwenye zile ngazi itasimuliwa kwa namna usiyoitaka. Unaweza kuomba udhuru. Utapumzika, ila minong'ono itajaza nafasi yako. Unaweza kusema ukweli wote, umesimama au umekaa. Wapo watakaosikitika, na huenda wapo wachache watakaosema uliyokuwa ukiogopa. Ila katika ukumbi ule watakuwepo pia mama wenye vidonda vya sukari, wazee wenye magoti mabovu, wajane waliochoka kujikaza, ambao hawajawahi kusikia madhabahuni kwamba mtu wa imani anaweza kuchoka. Njia yoyote utakayochagua, nadhani mchungaji anastahili kujua mapema. Umesema ni mtu mwema. Mwendee na mume wako, siku ya kawaida, nyumbani kwake kama inawezekana.

Mama yako ndiye anayenisumbua moyo. Kwake yeye, ile asubuhi miguu ilipokataa haijaisha. Akisikia neno kiti anarudi pale kitandani, na majirani wale wanaanza upya. Sidhani hoja zitamtuliza. Huenda ingesaidia akienda nawe kwa daktari, asikie kwa masikio yake kwamba hakuna kilichorudi wala aliyeroga. Au mume wako azungumze naye, maana lile neno lake la mwalimu na magongo ni neno la mtu anayejua kusema. Mpe muda pia. Hana lazima ya kukubali wiki hii.

Na yule binti wa darasa la tano. Unauliza ataona nini. Sijui, na ningekuomba usijibu kwa niaba yake. Inawezekana akaumia. Inawezekana pia, kwa mara ya kwanza, akaona kwamba mwenye miguu dhaifu ana njia zaidi ya moja ya kuwa mwalimu, na kwamba akishindwa kutembea bado atahesabiwa. Kwa sasa anashika ukuta. Kuna mtu amewahi kumpima, kuona kama chuma, magongo au kiti vingemsaidia afike shuleni bila kuchoka kabla ya kipindi cha kwanza? Mkienda hospitali, mama yake angeweza kufuatana nanyi.

Anza na mabega, mwalimu, kwa sababu hayo hayangoji Oktoba. Ukishaonana na mtaalamu wa vifaa, niandikie amesema nini kuhusu kiti cha kusukuma na mabega hayo, tuendelee kutoka hapo.